Uzi Uliosokotwa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mvua na muhula vimeanza siku moja. Bati la darasa letu lilipigwa mpaka mwalimu wa biolojia akakata tamaa ya kusema, akaandika somo zima ubaoni. Nilifurahi peke yangu. Tangu nianze sekondari, hii ni siku ya kwanza watu wote walikuwa kimya kama mimi.

Daftari hili limejalidiwa na baba kwa ngozi iliyobaki kwenye viatu vya mteja. Hakusema ni la kazi gani. Alisema tu, "Shika. Usiliweke kwenye maji."

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Soksi mbichi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo bati limenyamaza na tumeanza DNA. Ndani ya kila seli ya mwili mna nyuzi nyembamba kuliko chochote kinachoonekana kwa macho. Nyuzi za seli moja tu zikiungwa na kunyooshwa zingekuwa na urefu wa karibu mita mbili, mrefu kuliko baba. Na kila uzi kwa kweli ni nyuzi mbili zilizoshikana kama ngazi, halafu ngazi yenyewe ikasokotwa. Vipandio vya ngazi ni herufi nne: A, T, G na C. A hushikana na T tu. G hushikana na C tu.

Nilitaka kuuliza kwa nini A hamtaki G. Mkono wangu ulipanda mpaka usawa wa sikio. Mwalimu akageuka. Nikajikuna sikio.

Jumatatu, 11 Machi

Kutakuwa na maonyesho ya sayansi, Ijumaa ya tarehe 12 Aprili, na wazazi wote wamealikwa. Tumepangwa wawili wawili kwa kura. Mimi nimeangukia kwa Redio. Ni mvulana wa dawati la nyuma ambaye, kama jina lake linavyosema, hana swichi ya kuzimia. Mimi wananiita Mnong'ono. Mwalimu aliposoma majina yetu pamoja darasa lilicheka kwa muda ambao ungetosha kuchemsha maji.

"Usijali," Redio akaniambia. "Mimi nitasema ya watu wawili."

Tumepewa DNA. Tutengeneze mfano wake, urefu wa mtu, na tueleze inavyojinakili.

Jioni nilimpa baba barua ya mwaliko. Aliisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo. "Tutaona," akasema, akaikunja ndogo sana. Baba hajawahi kuvuka lango la shule yangu. Akija kunichukua wakati wa mvua husimama ng'ambo ya barabara na mwavuli, kama mtu anayesubiri mtu mwingine. Nadhani shule inamchosha. Sijui.

Jumatano, 13 Machi

Redio amekuja dukani kwa baba. Ni chumba kimoja chenye harufu ya gundi na nta: rafu za kalibu, ile miguu ya mbao ambayo viatu hushonewa juu yake, kiti cha mteja, na kioo kimoja kilichoinamishwa sakafuni ili mtu aone miguu yake. Redio alijiangalia miguu dakika tano nzima. Akasema hakujua kwamba ana miguu mizuri hivyo.

Fundi jirani alikuwapo, amekuja kurudisha uzi aliouazima. "Chukua uzi wako uliologwa," akamwambia baba. "Nikishona nao unafumuka wenyewe. Kila siku nasema siuazimi tena."

"Haujalogwa. Umesokotwa na mimi, ushonewe na mimi."

Baba ana shoto. Husokota nyuzi zake mwenyewe kwa kushoto, akazipaka nta, na katika mkono wake hazifumuki kamwe.

Redio akamweleza DNA kwa sauti ya matangazo ya mpira. Baba aliendelea kushona. Mwisho akauliza swali moja: "Hiyo ngazi ikiachana katikati, kila upande unajuaje mwenzake alikuwa nani?"

Redio akanitazama.

"A anamtaka T," nikasema. "Ukimwona mmoja, umemjua mwenzake."

Baba akaitikia kwa kichwa taratibu, akakata uzi kwa meno.

Jumamosi, 16 Machi

Ameingia mwanamke mwenye kiatu kimoja mkononi. Mguu wa pili umechukuliwa na maji ya mfereji. Aliomba radhi kama mtu aliyeleta mgonjwa aliyekwisha kufa. Baba akakigeuza, akakipima, akasema, "Mwenye mguu mmoja hajapoteza kiatu, dada. Njoo Alhamisi."

Alipoondoka akaniita. "Sasa sikiliza, mama. Wewe una jozi moja. Unataka jozi mbili. Ukiiachanisha, huu wa kushoto ukaushonea wa kulia mpya, na huu wa kulia ukaushonea wa kushoto mpya, una jozi ngapi?"

"Mbili."

"Na kila jozi?"

"Mguu mmoja wa zamani, mmoja mpya."

"Ndivyo inavyofanya ngazi yenu?"

Ndivyo hasa inavyofanya. Kitabu kimetumia kurasa tatu na mchoro wa mishale kusema hivyo. Seli inapotaka kugawanyika, ngazi hufunguka katikati, na kila upande wa zamani huita herufi mpya zije zikae mbele yake, moja moja. Mwisho kuna ngazi mbili, kila moja nusu ya kale na nusu changa. Nilimwambia baba. Akasema, "Basi aliyeitengeneza ni fundi," akarudi kazini.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Zoezi la jiografia.

Jumamosi, 23 Machi

Tumeanza kujenga, na baba amechukua usukani bila kuombwa. Nguzo mbili za ngazi ni mikanda miwili mirefu ya ngozi. Mwalimu alisema nyuzi za DNA hutazama pande tofauti, mmoja unapanda na mwingine unashuka, kwa hiyo baba ameweka kishikizo cha mkanda mmoja juu na cha mwingine chini. Vipandio ni vipande vya soli: A nyeusi, T nyeupe, G nyekundu, C kahawia. Nyeusi na nyeupe zinashikana kwa mishono miwili. Nyekundu na kahawia kwa mitatu, kwa sababu G na C hushikana kwa nguvu zaidi. Mishono ya katikati ni ya uzi mwembamba. Baba aliuliza kwa nini tunataka ushonaji dhaifu, ni aibu kwa fundi. Nikamweleza kwamba lazima ngazi iweze kufunguka. Alifikiri. Akashona dhaifu, lakini vizuri.

Redio ndiye aliyeandika mpangilio wa herufi, vipandio ishirini na vinne, amefumba macho. "Huyu ni kiumbe asiyejulikana," anasema. "Huenda ni mbuzi. Huenda ni mjomba wangu."

Jumatano, 27 Machi

Redio amelowa njiani. Karatasi ya herufi imekuwa uji mfukoni mwake. Si kitu, vipandio vyote vimeshashonwa.

Jumamosi, 30 Machi

Ngozi imelowekwa, ikazungushwa kwenye nguzo ya mti ikaukie humo ili ikae na umbo. Lakini kwa hewa hii hakuna kinachokauka. Baba ameisimamisha karibu na jiko la makaa. Anaigeuza kila mara kama mtoto mwenye homa.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeuliza! Mvua ilikuwa imetulia kidogo, na swali likanitoka kabla sijaliona. Kwa nini A hamtaki G? Mwalimu alinisogelea asikie, kisha akasema: "A na G ni wanene wote wawili. Hawapiti pamoja. T na C ni wembamba. Wakikaa wao pamoja hawafikiani. Kila kipandio ni mnene mmoja na mwembamba mmoja, ndiyo maana ngazi ina upana uleule toka juu mpaka chini."

"Na A na C?" Hilo nalo likatoka.

"Upana ungetosha. Lakini mmoja ana mikono miwili ya kushikia, mwingine mitatu. Hawaelewani." Akacheka. "Umeficha wapi maswali haya mwaka mzima?"

Jumamosi, 6 Aprili

Mama hufua mashuka ya hospitali, na nyumbani hukunja nguo zetu kwa mikunjo ileile ya hospitali. Tulikuwa tunakunja pamoja nikamuuliza kama baba atakuja Ijumaa. Nikaongeza, kwa uchungu kuliko nilivyokusudia, kwamba hajali shule.

Mama aliweka shuka chini. "Nani kakwambia?"

Kisha akaniambia. Baba alipokuwa darasa la nne, mwalimu wao hakutaka mkono wa kushoto uandike. Aliupiga kwanza. Haukuacha. Akaufunga kwa kamba kwenye mguu wa dawati, kila siku, somo la kuandika likianza mpaka liishe. Baba akaandika kwa kulia, na wenzake wakawa wanapokezana karatasi yake wakicheka. Siku moja alifungua kamba mwenyewe, akatoka, hakurudi. Alikuwa na miaka kumi na moja.

"Mpaka leo akiandika mbele za watu hushika kalamu kwa kulia," mama akasema. "Hamwambii mtu kwa nini. Na wewe sikukwambia."

Nikakumbuka fomu zangu zote za shule. Sahihi ya baba ni kama mdudu aliyekanyagwa. Lakini chini ya soli za wateja, kwa chaki, akiwa peke yake, anaandika herufi nzuri kuliko zangu. Miaka yote nimeona vitu hivi viwili na sikuvishonea pamoja.

Jumanne, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwenye kioo.

Mfano umekauka. Umesimama juu ya meza ya baba, unang'aa kwa nta, na watu wanaopita wanachungulia. Asubuhi baba alisema bila kunitazama, "Ijumaa nitafunga duka mapema." Anakuja! Shati lake jeupe tayari limetundikwa.

Mchana, nilipotoka shule, baba alikwenda kununua gundi. Nilikaa kwenye kiti cha mteja, kitabu magotini, nikaangalia kioo cha miguu. Ndani ya kioo mfano wetu ulikuwa sawasawa na mchoro wa kitabu. Sawasawa kabisa. Nikatabasamu. Nikainua macho nikautazama wenyewe, na haukuwa sawasawa.

Katika kitabu, mkanda wa mbele hupanda kuelekea kulia, kama meno ya skrubu. Katika kioo, kulia. Juu ya meza, kushoto. DNA iliyomo ndani yangu, ya Redio na ya huyo mbuzi wake huzunguka kulia. Baba alishika nguzo kwa mkono wa kulia na kuzungushia ngozi kwa kushoto, kama anavyosokota kila uzi wa maisha yake.

Redio alipofika nilimwonyesha. Alikuna kichwa. "Tuugeuze juu chini."

Tukaugeuza. Bado kushoto.

"Mbona haubadiliki?"

"Kiatu cha kushoto ukikigeuza juu chini kinakuwa cha kulia?"

Akavua kiatu chake akajaribu. "Hakiwi," akasema kwa huzuni. Kisha: "Sikia, Mnong'ono. Nani atajua? Mimi nimeutazama wiki mbili sikujua. Tunyamaze. Wewe si bingwa wa kunyamaza?"

Ni kweli. Kunyamaza ndiyo kazi niijuayo. Lakini kama jaji atajua, atalisema palepale, mbele ya baba, ndani ya shule. Itakuwa mara ya pili shule inauambia mkono ule kwamba umekosea. Na nikimwambia mimi leo, itakuwa ni mimi niliyeufunga kamba. Nimewaza hata kumwambia kwamba maonyesho yameahirishwa. Nimeliandika hapa ili nilionee aibu.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemwambia.

Nilitoka shule nikaenda moja kwa moja dukani nisipate muda wa kughairi. Redio alinifuata, akasimama mlangoni nusu ndani, nusu kwenye mvua.

"Baba, ngazi yetu imezunguka upande usio wake."

"Nani kasema?"

"Kitabu. Na kioo chako."

Nilimfungulia ukurasa. Alitazama kitabu, akatazama kioo, akatazama meza. Halafu akatazama mkono wake wa kushoto kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Mkono uleule," akasema.

Akavua aproni, akaenda kusimama chini ya upenu wa paa, mgongo kwetu. Nilihesabu viatu vya rafuni, arobaini na saba, nikaanza tena. Nilitamani anikaripie. Baba akarudi amelowa mabega.

"Duniani kote hakuna hata moja iliyosokotwa kushoto?"

"Sijui, baba. Nitauliza."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Saa nane."

"Leteni beseni."

Tukakata mishono ile dhaifu ya katikati, na ngazi ikaachana mikanda miwili. Mpango ulikuwa kuilainisha yote kwa maji, kisha kuizungusha upya. Mkanda wa kwanza ulikubali. Wa pili ndio uliokuwa karibu na makaa. Ngozi yake ilishakuwa kavu kama ubao. Baba alipounyoosha ulilia, ukakatika mara tatu. Nusu zote za vipandio zilizokuwa juu yake zikamwagika sakafuni, zikachanganyika na mabaki ya soli za siku zote.

"Tumekwisha," Redio akasema. "Karatasi ya herufi niliitia maji mimi. Hakuna anayekumbuka mpangilio."

Mimi nilikuwa nautazama mkanda uliobaki. Nusu ishirini na nne, kila moja mahali pake. Nilikuwa nataka kusema, lakini baba alinitangulia.

"Mwenye mguu mmoja," akasema, na sauti yake ikawa nyingine, "hajapoteza kiatu."

Akautandaza mkanda mezani, akanisogezea sanduku la vipande. "Nyeusi inamtaka nani?"

"Nyeupe."

"Mishono?"

"Miwili."

"Kahawia?"

"Nyekundu! Mitatu!" Redio akapaza sauti, na ameshaingia mzima.

Tukaenda hivyo kipandio kwa kipandio. Sikuwa na kitabu mbele yangu, wala karatasi. Mkanda wa zamani ulikuwa unatuambia wenyewe. Baba alichana ngozi mpya, akatoboa kwa msharasi, akashona, Redio alikata soli, mimi nilipanga. Kwenye kipandio cha kumi na saba niliweka nyeupe mbele ya nyekundu. Baba alipitisha kidole, akasimama. "Huyu na huyu hawaelewani," akasema, akanirudishia. Kitabu kinasema hata ndani ya seli kuna vimeng'enya vinavyopita nyuma ya kazi kuikagua, na kosa likionekana herufi hung'olewa, ikawekwa nyingine. Nilikuwa nimeyakariri maneno hayo kwa mtihani. Leo ndiyo nimeyaelewa.

Giza lilipoanza kuingia tulikuwa na ngazi nzima. Wakati wa kuizungusha, baba aliishika nguzo kwa kushoto na kujaribu kuzungusha kwa kulia. Ngozi ikamteleza. Akaniangalia.

"Tumia wako uliouzoea," nikasema. "Zungusha tu upande mwingine. Mimi nitaangalia kioo."

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Ngozi ni mbichi. Mama ameifunga kwenye shuka akaenda nayo kazini, akaiweka kwenye chumba cha kukaushia. Amerudi nayo jioni, imekauka, inanuka sabuni ya hospitali. "Wenzangu waliuliza ni mgonjwa gani," akasema.

Ijumaa, 12 Aprili

Ukumbi ulijaa miavuli. Jaji ni mwanamke wa maabara ya hospitali, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Redio alianza kabla hajafika. Jaji akainua kiganja. "Wewe nimekusikia tangu mlangoni. Namtaka huyu."

Huyu ni mimi.

Baba alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, shati jeupe, mikono yote miwili mfukoni.

Jaji alipitisha kidole juu ya mkanda, chini mpaka juu. "Imezunguka inavyopaswa. Wengi hukosea hapa."

Ningeweza kusema asante. "Na sisi tulikosea," nikasema. Akainamisha sikio. Nikalazimika kurudia kwa nguvu, na ukumbi mzima ukasikia. Nikaeleza. Nikasema kwanza ilizunguka kushoto, na tulipoifungua upande mmoja ulikatika, na hatukuwa na nakala ya herufi popote. "Lakini upande mmoja ukibaki, yote yamebaki. Ndiyo maana kuna nyuzi mbili. Si kwa ajili ya kujinakili tu. Ni kwa ajili ya kuokoana pia." Nikakata mishono sita ya juu, nikaifungua ngazi, nikaonyesha nyeusi inavyoita nyeupe. Nikaeleza jozi moja ya viatu inavyokuwa mbili. Sauti yangu ilitetemeka lakini haikufumuka.

"Mfano huu wa viatu umeutoa kitabu gani?" jaji akauliza.

"Kwa baba. Yule pale. Ndiye fundi."

Vichwa vikageuka. Baba akatoa mikono mfukoni, hajui aiweke wapi. Akaja, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine. Mwalimu wa biolojia akampa mkono. Baba akamuuliza lile swali nililosahau kumuulizia: kama ipo iliyosokotwa kushoto.

"Ipo," mwalimu akasema. "Vipande vifupi, kwa muda, katika hali fulani."

"Katika hali fulani," baba akarudia, na nikaona anataka kucheka. "Basi mimi ndiyo hali yenyewe."

Hatukushinda. Imeshinda volkano ya kidato cha nne, ambayo ilitoa moshi na kumchafua jaji.

Mlangoni kuna meza yenye daftari la wageni. Mwalimu wa zamu akasema, "Fundi, hujaandika jina lako." Nyuma yetu walisubiri wazazi wengine saba au wanane, na Redio akiwasimulia volkano. Baba akachukua kalamu kwa mkono wa kulia. Akainama. Kalamu ikagusa karatasi, ikakaa hapo bila kwenda, ikaacha kitone cha wino.

Halafu akainyanyua, akaihamishia kushoto.

Aliandika majina yake yote matatu, polepole, mbele ya mwalimu. Herufi zilikuwa zile za chaki. Kiganja kilipita juu ya wino mbichi kikauburuta kidogo, lakini jina lilisomeka mpaka mwisho. Mwalimu wa zamu akasema, "Asante, mzazi. Anayefuata."

Ni hivyo tu alivyosema. Nje mvua ilikuwa imekoma. Baba alibeba mwavuli uliofungwa, na wino kiganjani, mpaka nyumbani.

Jumapili, 14 Aprili

Jalada la daftari hili limeanza kuachia. Nimechukua uzi wa baba nikashona mwenyewe. Kwa kulia ulifumuka, kama fundi jirani anavyolalamika. Nikahamishia sindano kushoto. Mishono imekwenda upande kama walevi, lakini imeshika.